Kabla Hujasaini: Bibi Nesi Anajibu Barua Zenu

Safari hii nimejibu barua tatu tu. Zilizobaki nitazijibu toleo lijalo, ila hii ya kwanza haiwezi kungoja, na mwenye barua ataona kwa nini.

*Shikamoo Bibi Nesi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 36, nimeolewa mwaka wa tano sasa na sijajaliwa mtoto. Mimba moja iliharibika. Kwa miaka miwili hedhi imenitesa, navaa pedi mbili kwa mpigo na bado najifunga kanga kiunoni nikiwa darasani. Mwezi uliopita nilipigwa altrasaundi, wakakuta faibroidi nne, kubwa yao ina sentimita 9. Damu yangu ilikuwa 7. Daktari aliangalia karatasi akamwambia nesi, "Huyu tumpangie, tutoe kizazi," nikaandikiwa tarehe. Nilipouliza kama hakuna njia nyingine alisema, "Mama, unataka kufa?" Mume wangu aliitwa akasaini. Mama mkwe anasema tumshukuru Mungu ugonjwa umeonekana mapema. Zimebaki siku 12. Nina haki ya kurudi kumuuliza tena? Naogopa kuonekana mjuaji, halafu siku nikiwa nimelala pale wodini nitahudumiwa na nani? — Mwalimu, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Rudi. Usizingoje hizo siku 12, rudi kesho kutwa, na hiyo karatasi ya altrasaundi uiweke kwenye bahasha usiikunje. Haki unayo, na ulikuwa nayo tangu ile siku ya kwanza ulipouliza.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Faibroidi ni uvimbe wa nyama ya kizazi. Si saratani, na ni nadra sana uvimbe uliodhaniwa kuwa faibroidi kugundulika baadaye kuwa saratani. Wanawake wengi wanazo na hawajui, na ukomo wa hedhi ukifika kwa kawaida husinyaa. Kinachokuhatarisha wewe kwa sasa ni damu inayopotea kila mwezi. Damu 7 si ya kuchezea. Ukipanda ngazi moyo unakwenda mbio, ukisimama ubaoni macho yanaingia giza, na siku ikitokea dharura huna akiba. Kwa hiyo daktari aliposema habari za kufa hakuwa anakutisha bure. Ila kutoka kwenye damu 7 hakuna njia moja tu.

Ipo ya kupandisha damu kwanza kwa vidonge vya madini ya chuma (vimeze kwa chungwa au maji, usivimeze na chai, chai huvizuia), na ikibidi kuongezewa damu, huku ukipewa dawa za kupunguza hedhi. Ipo ya upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi. Huu ndio ambao mwanamke anayetaka mtoto huwa anaulizia. Una shida zake: unaweza kutoka damu nyingi mezani, uvimbe mwingine unaweza kuota baada ya miaka, na ukija kupata mimba huenda ukaambiwa uzae kwa upasuaji. Ipo ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe, ambayo haipatikani kila mahali, na kwa anayetafuta mtoto mara nyingi haiwi chaguo la kwanza. Na ipo hiyo ya kutoa kizazi. Hiyo inamaliza damu na uvimbe kwa mara moja, haurudi tena. Kwa mama wa miaka 47 mwenye watoto wake watano, aliyechoka kufua mashuka usiku, inaweza kuwa nafuu kubwa ya maisha yake, na nimewaona wakicheka wiki ya sita.

Sasa, ni nini kinachokutofautisha wewe na huyo mama wa miaka 47? Si sentimita 9, anaweza kuwa nazo na yeye. Ni kwamba wewe unataka kuzaa. Altrasaundi ina vipimo vyote lakini hilo haina. Kipimo cha damu hakina. Liko kwako tu, na hakuna aliyekuuliza. Daktari anajua uvimbe kuliko wewe, naye hawezi kujua kilichomo moyoni mwako kama hamjakaa mkazungumza. Uamuzi uliofanywa kwa ujuzi wa upande mmoja ni nusu ya uamuzi, hata kama aliyeufanya ana mkono mzuri kuliko wote mkoani.

Nikueleze kwa nini nakuandikia kwa haraka hivi. Mwaka 1987 nilikuwa nesi kijana katika hospitali moja ya kusini. Kazi yangu ya alfajiri ilikuwa kuzungukia vitanda vya waliopangiwa upasuaji na kukusanya saini. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo nilibeba kidau cha wino, namshika mtu kidole gumba, nakigandamiza kwenye fomu, nakwenda kitanda kinachofuata. Dakika moja kwa mtu. Kulikuwa na mama mmoja Mmakonde, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Nilimwambia, "Mama, unaondolewa uvimbe, weka dole hapa." Akaweka.

Miezi mitatu baadaye alikuja kliniki kwa miguu kutoka kijijini kwao, amejipaka mafuta, amevaa kanga mpya. Alinishika mikono yote miwili kwa furaha, maana damu ilikuwa imekoma na nguvu za kulima zimerudi. Kisha akashusha sauti. "Nesi, damu yangu ya mwezi itarudi lini? Mume wangu anataka tupate mwingine."

Upasuaji wake ulikuwa umekwenda vizuri. Kidonda kilikuwa kimekauka safi. Ndani ya faili fomu ilikuwepo, na dole gumba lake lilikuwepo, la zambarau, halina kasoro. Hakuna aliyemwambia kwamba kizazi kimetolewa, na aliyetakiwa kuhakikisha ameelewa alfajiri ile nilikuwa mimi. Nilimweleza siku hiyo, kwa Kiswahili chake cha sokoni na Kimakonde changu cha kubabaisha. Hakulia. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka kliniki ikafungwa. Nimestaafu, na benchi lile bado naliona.

Kwa hiyo mtu akiniambia "fomu imesainiwa", mimi huuliza aliyesaini alielewa nini. Ridhaa ni yale mazungumzo. Karatasi inaonyesha tu kwamba mazungumzo yalifanyika, na kama hayakufanyika basi karatasi inasema uongo.

Nilipokwenda kusomea ukunga, mkufunzi wetu alitusimulia kesi ya New York ambayo ilinikaa kwa sababu ilihusu uvimbe kama wako. Mwaka 1908 mwanamke aitwaye Mary Schloendorff alilazwa hospitali kule, wakamkuta na faibroidi. Alikubali apewe etha alale ili wamchunguze tu, na anasema aliwaambia wazi kwamba hataki kupasuliwa. Alipozinduka uvimbe ulikuwa umeshatolewa. Baadaye mkono wake ukaanza kuoza, akakatwa baadhi ya vidole. Mwaka 1914 Jaji Benjamin Cardozo aliandika katika hukumu kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake ufanywe nini, na daktari anayempasua mgonjwa bila ridhaa yake amemfanyia shambulio. Inauma kusema kwamba Mary mwenyewe alishindwa, maana aliishtaki hospitali, na sheria ya wakati ule ilizikinga hospitali za hisani. Lakini maneno yale hayakufa naye. Mpaka leo wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanafundishwa kwayo.

Mtu mzima mwenye akili timamu, mwanangu. Hakuandika "mume wake". Wewe unasimama mbele ya vijana kila siku unawafundisha, halafu kalamu ya kuamua juu ya kizazi chako akapewa mwingine wewe ukiwa umekaa palepale, macho, unajitambua. Simsemi vibaya mumeo, aliitwa akafanya alichoambiwa, na bila shaka aliogopa kukupoteza. Lakini ndugu husaini pale mgonjwa anapokuwa hajitambui au ni mtoto. Ukirudi, omba fomu yako, uisome, na saini iwe yako. Mumeo nenda naye, akae karibu nawe, asikie yote. Wewe ndiye utakayelala pale mezani, na ninyi wawili ndio mtakaoishi na matokeo yake.

Najua unachoogopa. Nimekaa wodini miaka 34 na sitakudanganya kwamba hakuna nesi wala daktari anayenuna akiulizwa. Wapo. Nawajua pia madaktari wetu: saa mbili asubuhi benchi lina watu 60, yeye ni mmoja, na saa sita anatakiwa awe chumba cha upasuaji. Mtu wa namna hiyo akiulizwa "kwani lazima?" husikia kama anabishiwa. Kwa hiyo uliza kwa maneno yatakayomrahisishia kazi. Andika kwenye karatasi, maana ukiingia mle ndani utasahau, hata mimi nilipokuwa mgonjwa nilisahau. Mwambie hivi: "Dokta, nashukuru kwa kunipangia. Siku ile sikukueleza kwamba bado natafuta mtoto. Kwa hali yangu, uvimbe unaweza kutolewa kizazi kikabaki? Kama hauwezi, ni kwa sababu gani? Na tukisubiri miezi mitatu nipandishe damu kwanza, kuna hatari gani?" Kisha nyamaza, umwache afikiri. Madaktari wengi, ukishawaambia habari ya mtoto, huichukua tena ile karatasi na kuisoma upya mbele yako.

Inawezekana akakuambia sababu ya kweli. Uvimbe mwingine umekaa mahali pabaya, au ni mwingi mno, au hospitali ile haina akiba ya damu wala mtaalamu wa kuutoa peke yake. Hilo la mwisho ni jibu la haki kabisa, na linafuatwa na ombi lako: "Basi naomba rufaa." Una haki ya majibu yako na ya kusikia daktari wa pili, na daktari mzuri haoni kuwa ametukanwa. Rufaa ina nauli, ina foleni, nalijua hilo. Mshahara wa mwalimu naujua pia. Lakini kizazi kikishatoka hakuna nauli itakayokirudisha.

Na hata mkikubaliana watoe uvimbe tu, kuna jambo moja lizungumzeni kabla hujalala. Mara chache damu hukataa kukoma mezani, na daktari hulazimika kutoa kizazi ili usife. Akueleze hilo, umjibu, liandikwe kwenye fomu. Likitokea hutazinduka ukakuta jambo ambalo hukulijua. Dharura nayo ina sheria yake: mtu aliyeletwa hajitambui anavuja damu haulizwi maswali, anaokolewa kwanza. Wewe hujafika huko. Una siku 12, na mdomo.

Wakikudhalilisha kwa kuuliza, nenda kwa mganga mfawidhi wa hospitali. Ikishindikana, kuna Baraza la Madaktari Tanganyika kwa daktari, na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa sisi manesi. Lakini anza na yule daktari. Nina imani naye kuliko unavyodhani.

*Bibi, shikamoo. Baba yetu ana miaka 71, ni mkulima na mfugaji huku Magu. Amekutwa na saratani ya tezi dume na imeshafika kwenye mifupa. Daktari alituita sisi watoto akatueleza kwamba kuna sindano za kuchoma kila baada ya miezi mitatu, au upasuaji mdogo wa kutoa korodani, ambao unalipwa mara moja tu. Tulikaa kikao cha ndugu, tukaona sindano hatuziwezi, tuchague upasuaji. Baba tumemwambia ni maambukizi ya njia ya mkojo, tusije tukamuua kwa mawazo. Mdogo wetu wa kike anapinga, anasema tunamkosea mzee. Nani yuko sahihi? — Kaka mkubwa, Mwanza*

Marahaba. Dada yenu yuko sahihi, na naomba umsomee barua hii ili ajue hakusimama peke yake.

Nielewe vizuri, sioni ubaya wa nia yenu. Nimeona familia nyingi zikimzunguka mzee kama ninyi, kila mmoja anatabasamu, kisha wanakwenda kulia nyuma ya wodi. Ni upendo. Lakini hebu fikiria siku ya tano baada ya upasuaji, mzee anaoga mwenyewe kwa mara ya kwanza. Atajishika. Mtamwambia ni maambukizi ya mkojo?

Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume. Sindano huikausha homoni hiyo, na kutoa korodani huikausha pia, kwa hiyo kwa ugonjwa faida zake zinakaribiana. Hamu ya tendo la ndoa hupungua au huisha kwa njia zote mbili, na joto la ghafla mwilini huja. Tofauti ni kwamba sindano unaweza kuziacha, upasuaji haurudi nyuma, na kwa wanaume wengi jambo lenyewe linagusa heshima yao kwa namna ambayo hakuna mtoto anayeweza kuipima kwa niaba ya baba yake. Wapo wanaosema, "Nimeshazaa, nimeshaoa, toeni nipumzike na nauli za kliniki." Wapo ambao wangeuza kila kitu wasiguswe pale. Baba yenu ni yupi? Hamjui, kwa sababu hamkumuuliza.

Na mnasema sindano hamziwezi. Ng'ombe ni wa nani? Huenda angesema uzeni wawili kila mara nichome sindano. Huenda angesema wabaki kwa wajukuu. Mmeamua juu ya mwili wake na juu ya zizi lake kwa kikao kimoja, naye akiwa amelala chumba cha pili.

Daktari alipaswa kuanza na mgonjwa mwenyewe, ninyi mfuate kwa ruhusa yake. Mrudieni mumwombe. Lakini kabla ya hapo, wewe kaka mkubwa, kaa na mzee mahali penye utulivu, umuulize: "Baba, majibu yapo. Unataka daktari akueleze mwenyewe, au tukueleze sisi, au hutaki kusikia?" Kuna wazee watakaojibu, "Shughulikieni ninyi, mimi niambieni tu pa kwenda." Hilo nalo ni jibu halali, na likitoka kinywani mwake mtakuwa mmepewa ruhusa ambayo leo hamna. Kutotaka kujua ni haki ya mgonjwa, ila lazima aichague mwenyewe.

Kuhusu mawazo kumuua: mzee ambaye mgongo unamuuma usiku na watoto wake wote wamekuja kutoka mjini kwa siku moja ameshafikiria mabaya. Anayafikiria peke yake kwa kuwa ninyi mmefunga mlango. Na kuna mambo anayotaka kuyasema ambayo hawezi kuyasema akiamini atapona wiki ijayo. Ng'ombe wake walioko kwa watu, mpaka wa shamba, deni la mwaka juzi, pengine mtu wa kuombana naye radhi.

*Shikamoo bibi. Mimi ni daktari kijana katika kituo cha afya mkoani Njombe. Chuoni tulifundishwa kumshirikisha mgonjwa katika uamuzi, lakini nikiwauliza wanataka matibabu gani wananijibu, "Wewe ndiye daktari, fanya unavyoona." Na nje wapo 50. Nifanyeje? — Daktari mgeni kazini*

Marahaba daktari wangu, na Mungu akubariki kwa kuuliza.

Usimuulize anataka dawa gani. Hapo wana haki ya kushangaa, hilo ndilo ulilolisomea wewe. Muulize siku yake inavyokwenda: anaamka saa ngapi, anafanya kazi gani, anakula wapi, kutoka kwake mpaka hapo kituoni ni nauli kiasi gani, nani ananunua dawa nyumbani, Ramadhani anafunga au hafungi. Hayo anayajua kuliko wewe, na atakujibu bila woga. Ukishayasikia, mpe njia mbili zinazofaa, useme wewe unaelekea ipi na kwa nini, kisha umuulize kama ataiweza. Mwishoni mwambie akueleze atakavyomsimulia mkewe akifika nyumbani. Hapo utajua kama umeeleweka.

Kabla sijastaafu nilikuwa kliniki ya presha. Tulikuwa na dereva wa basi la Songea kwenda Dar es Salaam ambaye presha yake haikushuka mwaka mzima. Kila mwezi alipimwa, akaulizwa kama anameza dawa, akasema ndiyo, akaongezewa nyingine. Siku moja nilimuuliza basi lake linaondoka saa ngapi na linasimama wapi. Akanitajia vituo vyote, na palipo na choo, na masaa yaliyo katikati. Kisha akaangalia mlango kama umefungwa, akaniambia kwamba kile kidonge cha kukojoza akikimeza alfajiri hawezi kuendesha, abiria wanamzomea kila akisimamisha basi porini. Kwa hiyo alikuwa anachukua dawa dirishani na kuziweka kwenye droo ya basi.

Mazungumzo yale yalichukua dakika tatu. Dawa za presha zipo za aina nyingi. Nilimwita daktari kutoka chumba cha pili, dereva akarudia maneno yake mwenyewe, akabadilishiwa siku hiyohiyo.